Gunia Tupu

Mama aliniita chooni asubuhi
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.
"Njoo uone. Dawa yenu hii hapa, nzima,
imepita kama mgeni asiyevua viatu."

Na kweli lilikuwepo: duara la waridi,
linang'aa, halijaliwa hata ukingo.

Huyu ni Nkwimba binti Lubango,
muuza dagaa wa Mwaloni miaka thelathini na mmoja,
hajawahi kupunjwa kipimo akanyamaza.
"Mia nane kila kimoja," alisema,
"kumbe wananiuzia kokoto."

Kesho yake, bila kuniambia,
akatoa kinu kidogo cha iliki,
akaketi kwenye jabali nyuma ya nyumba, Mabatini,
lile lililomshinda fundi
hadi ukuta wetu ukapinda kulikwepa,
akakitwanga.
Twa. Twa.
Akakoroga ndani ya uji wa ulezi,
akanywa, akalamba kijiko
kama aliyelipwa deni.

Saa nne jirani akanipigia simu:
"Mama yako amekaa ngazini, hasemi vizuri.
Ndoo imebiringika mpaka kwa kina Malimi."

Nilimkuta kalaza shavu kwenye mwamba,
midomo ya majivu,
jasho lake baridi kuliko jiwe.
Alisema anasikia ziwa masikioni.
Ziwa, na sisi tuko juu huku,
ngazi mia na kumi na nne kutoka barabarani.

Vijana wanne walimshusha kwa kiti cha plastiki.
Mmoja alikuwa akihesabu ngazi kwa sauti,
sijui kwa nini, wala sikumkataza.

Presha iliyokuwa mia na tisini wiki iliyopita
sasa ilikuwa themanini, na mita ilisita kidogo
kabla ya kuisema.
Wakainua miguu yake. Wakatundika dripu.

Mfamasia Nyangeta alikuja jioni na kiti chake.
Hakukaripia. Aliuliza:
"Huko kwenu mlimani maji mnayapata lini?"
"Usiku wa manane. Uzi mwembamba."
"Na pipa?"
"Alfajiri limejaa."
"Na bomba kubwa likipasuka?"

Mama akafumba macho.
Mwaka juzi lilipasuka pale juu:
lilikwenda na choo cha kina Malimi,
likaenda na kuku na matofali,
na asubuhi hatukuwa na maji ya kupikia chai.

"Basi leo asubuhi, mama, umepasua bomba.
Dawa ya siku nzima umeimeza kwa mkupuo mmoja.
Gamba lile lina tundu, dogo kuliko ncha ya sindano.
Tumbo linaingiza maji polepole,
dawa inasukumwa nje polepole,
mchana wako, usiku wako, hata ukiwa umelala.
Usitwange. Usitafune. Usikate nusu."

"Na kile kinachotoka?"
"Kilichobaki."

Kimya. Dripu ikahesabu matone yake.
Kisha mama akafumbua jicho moja,
lile la kupimia wanunuzi:
"Unasema dagaa wameshuka sokoni.
Hili ni gunia."
"Gunia tupu, ndiyo."
"Mngelisema tangu mwanzo," akasema mama,
akageukia ukutani, akalala.

Siku hizi huniripotia kupitia dirishani,
majirani wote wakisikia:
"Gunia limerudi!"
Siku lisiporudi huwa na wasiwasi,
ingawa Nyangeta amemwambia mara mbili
kwamba si lazima alione.

Kinu kimerudishiwa iliki yake.

Jana nami nilipimwa, pale pale,
nikisubiri dawa zake dirishani.
Mia na hamsini na mbili.
Sijamwambia bado.
Usiku huu nimelala macho,
nasikiliza uzi wa maji ukishuka ndani ya pipa,
haujazi kitu, ukiusikiliza,
haujazi kitu kabisa,
na kulipokucha nilizamisha mkono
ukalowa mpaka kiwiko.